Beki Aliyejifunza Kusimama Lanet

Kipa huwajua wenzake kwa migongo. Muda wote niliosimama golini kwa timu yetu ya Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, nyuso za mabeki wangu nilizisahau mara tu filimbi ilipolia. Nilichokiona ni mabega, visigino na jezi iliyoloa jasho. Kwa mgongo ningejua nani amechoka na hataki kusema, nani anamwogopa straika wa upande wa pili, nani ametoka nyumbani bila kula. Mgongo ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa mrefu na mwembamba, shingo yake nyekundu kwa jua, na ulikuwa na tabia moja iliyonikatisha tamaa: ulipotea. Ungeuona mbele yako umesimama vizuri, mara haupo, mbele yako ni vumbi tu, na kutoka kwenye vumbi hilo straika anakuja.

Ulikuwa mgongo wa kijana wa miaka kumi na minane kutoka Australia. Alifika Nakuru mwanzoni mwa mwaka 2007 pamoja na mama yake, daktari wa mifugo aliyekuja kufanya kazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuanzia Gilgil hadi Molo. Kwao alikuwa amefunzwa katika chuo cha soka cha klabu ya kulipwa, akiandaliwa kuwa beki wa kati, halafu wakamwacha. Hakuificha sababu. Alituambia siku ya kwanza, ameketi juu ya mpira kando ya uwanja, kwa Kiingereza chake kilichopitia puani:

"Walisema nalala chini mapema mno. Straika akija tu, mimi najitupa. Kadi nyingi, penalti nyingi."

Klabu nyingine, ndogo zaidi, ilikuwa imemwahidi majaribio mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Mara moja tu, basi. Akishindwa hapo angetafuta kazi nyingine, na soka la kulipwa lingebaki kuwa jambo la watu anaowatazama kwenye televisheni. Alikuwa na chini ya mwaka mmoja wa kujifunza kukaba akiwa amesimama, na mwaka huo ilibidi aumalizie kwetu.

Uwanja wetu haukuwa na nyasi. Juu kulikuwa na vumbi jepesi kama unga wa ngano, chini yake murram yenye vijiwe vikali, na upepo wa alasiri uliinua lile vumbi ukaacha vile vijiwe. Mtoto wa Lanet hakuambiwa na mtu asijitupe chini, kama vile hakuambiwa asishike jiko la makaa. Alijua.

Mgeni wetu hakujua. Katika mazoezi ya kwanza winga wetu alimzunguka kidogo tu, naye akajirusha kwa miguu miwili kama alivyozoea kwenye nyasi za kwao. Mpira aliupata. Ngozi ya paja aliiacha pale pale. Nahodha alileta chupa ya spiriti akaimwaga kwenye jeraha bila onyo, na yule kijana akapiga yowe lililonyamazisha mbwa wa jirani.

"Pole, boss," nahodha akamwambia, akifunga kizibo polepole. "Hapa hakuna kulala. Ukitaka kulala tafuta lodging."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Yeye pia alicheka, machozi yakimtoka, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Kwa wiki nzima shuka ziligandana na paja lake. Hata hivyo maumivu yalimfundisha kuogopa tu, hayakumfundisha kukaba. Aliacha kujitupa, lakini sasa akawa mlingoti. Mastraika walimpita kushoto na kulia kama watu wanaopita kando ya nguzo ya stima, na mimi nikaokota mipira wavuni hadi kiuno kikaniuma.

"Afadhali alale," nilimwambia kocha. "Akilala angalau wanamruka. Hiyo inawachelewesha."

Kocha hakucheka. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache na ng'ombe watatu, na boma lake lilipakana na uwanja. Mazoezi yetu hayakwisha kwa saa. Yalikwisha ng'ombe walipoanza kulia kutaka kukamuliwa, na desturi yake ilikuwa kwamba aliyecheza vibaya kuliko wote siku hiyo alibaki kumsaidia. Sote tuliwahi kubaki, na sote tulijua kazi mbaya kuliko zote ilikuwa kusimama kwenye pengo la ua, ndama asimfikie mama yake kabla ya maziwa kutoka. Kwa miezi miwili mfululizo kazi hiyo ilikuwa ya Mwaustralia.

Siku yake ya kwanza nilikaa juu ya ua nikitazama. Ndama alikuja mbio. Kijana akamkimbilia. Ndama akayumba, akapita. Walipomrudisha akaja tena, na safari hii kijana wetu akajirusha kumshika mguu, akabaki kifudifudi kwenye samadi huku ndama akinyonya na kutikisa mkia.

"Unamkimbilia ya nini?" kocha akauliza. "Hii ndama inaomba Mungu uikimbilie. Ukikimbia umeshachagua. Sasa yeye anachagua ile ingine."

Akamwonyesha. Alisimama ubavuubavu, magoti yamelegea, nusu hatua nyuma kila ndama alipopiga nusu hatua mbele. Upande wa kulia aliufunga kwa mwili wake. Upande wa kushoto, ule wa ua, aliuacha wazi. Ndama akaona njia, akaingia nayo kwa furaha, na njia ikaishia kwenye mbao. Akasimama akiwa na haya, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Usimzuie," kocha akasema. "Mpatie njia. Lakini ile unataka wewe."

Mama wa kijana alikuwa amekuja kumchukua na gari lao lililojaa mitungi ya dawa. Alisimama nje ya ua akitazama, mkono mdomoni, kisha kicheko kikamshinda. Alipopata pumzi alisema, "Nimemlea kwenye shamba la ng'ombe! Miaka yote namwomba anisaidie getini, ananiambia ana mazoezi!"

"Kumbe, mama, ulikuwa unampatia mazoezi," kocha akamjibu, na wakasalimiana kwa mikono miwili kama jamaa waliopotezana.

Kufikia mwezi wa nane ule mgongo uliacha kupotea. Sijui kama kuna furaha nyingine duniani inayofanana na ya kipa anayeona beki wake akirudi nyuma kwa mpango, ubavuubavu, hatua kwa hatua, akimpeleka straika kule pembeni ambako hakuna goli, hakuna rafiki, kuna mstari wa chokaa tu. Nilianza kumaliza mechi na glavu safi. Alijifunza pia maneno yetu ya uwanjani, akiyatamka kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni: "Mtu nyuma!", "Wacha!", "Ya kipa!" Watu wa Lanet walikuja Jumapili baada ya kanisa kumtazama tu, akina mama wakiwa bado na vitambaa vyao vya kichwa vya ibada, na kila alipomtoa mtu nje bila kumgusa walipiga makofi ya kanisani, yale ya pamoja.

Ndipo tukaenda Molo.

Tulipanda nyuma ya lori lililokuwa likienda kuchukua viazi, tumeshikilia kamba, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoingia ndani ya koti. Tuliposhuka tulikuta uwanja wa kijani kibichi, umelowa mvua ya usiku, laini kama godoro. Mwaustralia alivua kiatu kimoja akakanyaga nyasi kwa vidole vitupu.

"Kama nyumbani," akaniambia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeonyeshwa chakula cha mama yake.

Kwenye timu ya Molo kulikuwa na straika mfupi, mwepesi, mdomo wake haujui kupumzika. Alianza mechi na kofia ya sufu kichwani hadi refa akamlazimisha kuivua. Tangu dakika za kwanza aliganda na beki wetu akimchokoza, na mimi golini nilisikia kila neno.

"Niaje, Mzungu? Mbona umesimama hivyo, unangoja basi? Nyasi ni yako, bwana. Jisikie nyumbani."

Mara ya kwanza beki wetu alipojitupa, aliupata mpira safi kabisa, akateleza mita kadhaa kwenye maji, na mashabiki wa Molo wenyewe wakampigia makofi. Akainuka amejaa tope, anang'aa.

"Simama wewe!" kocha akafoka kutoka pembeni.

Hakusikia. Utamu wa nyasi ulikuwa umemwingia miguuni. Alijitupa tena, na tena, akapata tena, na mimi pia nikaanza kuamini. Mechi ikiwa inaelekea mwisho, hakuna aliyefunga, yule mfupi aliingia na mpira ndani ya boksi, akapunguza mwendo makusudi, akasema kwa upole kama yaya:

"Lala, Mzungu. Baridi hii yote? Lala nikufunike blanketi."

Akalala. Mpira haukuwepo tena. Kilichokuwepo ni mguu wa yule mfupi, na yule mfupi aliuacha mguu wake pale kama mtu anayesahau mwavuli. Penalti. Akaipiga mwenyewe, akanitupa kushoto, akaweka kulia, kisha akakimbia hadi kwenye benchi kuvaa kofia yake ya sufu.

Desturi ya timu yetu ni kwamba anayesababisha penalti anafua jezi za wote, kwa mkono. Alizipeleka nyumbani kwao, mtaa wa Milimani, kwenye gunia, akazifua mchana kutwa, akazianika kwenye ua hadi jirani akatuma mtu kuuliza dobi mpya anatoza vipi. Alipotuletea alikuwa amezikunja moja moja. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Alikaa nami nyuma ya goli.

"Nyasi za kwetu ni kama zile za Molo," akasema. "Uwanja wa majaribio ni wa nyasi. Hapa nasimama kwa sababu naogopa mawe. Kule hakuna mawe."

Kocha, aliyekuwa akipita na ndoo, ndiye aliyejibu bila kusimama: "Kwa ndama pia hakuna mawe. Na siku hizi hulali."

Niliona lile neno likimwingia. Aliokota viatu vyake akamfuata hadi bomani, ingawa siku hiyo hakuwa amecheza vibaya.

Molo walikuja kwetu mwezi wa kumi na moja. Magari ya kampeni za uchaguzi yalipiga kelele barabarani hata tukashindwa kusikia filimbi, na kabla ya mechi kocha alifanya jambo la ajabu: alimwagia boksi letu maji, mapipa na mapipa, hadi murram ikalainika ikawa tope. Wenzetu walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilielewa, na beki wetu alielewa: leo hapakuwa na mawe ya kuogopa. Alitazama lile tope, akatazama boma la ng'ombe, akavuta soksi zake juu.

Yule mfupi alikuja na maneno yale yale. "Godoro hili hapa, Mzungu. Wamekutandikia kabisa."

Kipindi cha pili, tukiongoza kwa goli moja, alimponyoka nahodha na wakabaki wawili tu, yeye na beki wangu, na mimi nyuma yao. Alipunguza mwendo. Beki naye akapunguza. Yule mfupi alitikisa bega la kushoto. Ule mgongo mrefu ukarudi nusu hatua. Akatikisa la kulia, nusu hatua. "Lala basi," nilimsikia akisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuomba. Upande wa pembeni ulikuwa wazi. Akauingia kwa kasi, akafika kwenye mstari, akainua kichwa kutafuta goli, na goli halikuwepo, palikuwa na mtu mrefu amesimama. Mpira ukamtangulia nje.

"Umemeza mlingoti?" akauliza.

"Ya kipa!" beki wangu akapaza sauti, na nikaupiga mpira ule mbali kuliko nilivyowahi kupiga mpira wowote maishani.

Aliondoka mwanzoni mwa Desemba. Mama yake alibaki kumaliza kazi yake, akaondoka pia kabla ya Krismasi. Kisha uchaguzi ukapita, na machafuko yaliyofuata Nakuru na Molo kila msomaji wangu anayajua, na wengine wanayajua kuliko mimi. Uwanja wetu ulikaa bila mtu. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya waliokimbia makwao. Katika mahema hayo kocha alimkuta yule straika mfupi wa Molo, nyumba yao imechomwa, amekaa na mama yake na dada zake, kofia ya sufu kichwani. Akawaleta wote bomani kwake. Mmoja wetu alipotaka kuuliza maswali, ya kabila na ya upande, kocha alimkata.

"Huyu anajua kufunga. Ingine hainihusu."

Mwezi wa pili nilipoweza kuingia mjini, nilikwenda kwenye cyber moja ya intaneti karibu na soko, ya mzee mmoja wa Kihindi ambaye babu yake alikuja na reli na ambaye mwenyewe hakuwahi kuishi kwingine ila Nakuru. Nilikuta barua pepe nyingi za Mwaustralia. Zote za Januari ziliuliza jambo moja: mko hai? Ya mwisho ilikuwa tofauti. Majaribio yalikuwa yamefanyika, kwenye nyasi, baada ya mvua. "Nilicheza mechi nzima," aliandika, "na nilipomaliza kaptula yangu ilikuwa bado nyeupe. Mwalimu wao aliitazama ile kaptula kabla ya kunitazama mimi." Walimpa mkataba wa msimu mmoja.

Nilichapisha barua hiyo nikamsomea kocha akikamua. Aliendelea kukamua. Kisha akasema, "Mkataba si kucheza. Ngoja wamuingize."

Tukangoja hadi Agosti. Jioni ya kule ni asubuhi ya kwetu, hivyo Jumamosi hiyo tulikuwa kwenye cyber tukiwa hata hatujanywa chai, timu nzima, kocha na yule mfupi pia, nyuma ya kompyuta moja. Picha hazikuwepo. Kulikuwa na ukurasa ulioandika mchezo kwa sentensi fupi za Kiingereza, nami nilikuwa nikizisoma kwa Kiswahili kwa sauti. Jina lake lilikuwa kwenye benchi. Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo.

"Vijana," mzee wa cyber akasema toka mezani kwake, "mkizidi kupiga kelele nitazima mashine, na huyo mtoto wenu atabaki kwenye benchi milele."

Lakini alikuwa amegeuza kiti chake.

Kipindi cha pili beki mmoja akaumia. Ukurasa ukakwama. Ulipofunguka, jina lake lilikuwa limepanda juu, uwanjani, na cyber ikalipuka hata mteja aliyekuwa akiandika barua ya kazi akasimama kupiga makofi bila kujua ni ya nini. Baada ya hapo palikuwa na sentensi za watu wengine. Kona. Faulo. Kadi kwa mtu mwingine. Dakika zikawa chache. Halafu nikasoma: "Mpira mrefu. Straika amewaacha mabeki wote. Amebaki mmoja."

Aliyebaki alikuwa yeye. Ukurasa ukakwama tena.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

"Asilale," yule mfupi wa Molo akanong'ona. Alikuwa amevua kofia yake ameikunja mikononi. "Mungu wangu, asilale. Mimi najua vile ningemfanya sasa hivi. Asilale."

Mzee wa cyber aliinuka, akaja, akaingia chini ya meza akagusa nyaya, akatoka na vumbi kwenye nywele. Sentensi ikafika. Niliisoma kwanza kimya, kidole kwenye kioo. Kisha nikaisoma kwa nguvu: "Beki mpya amemsindikiza hadi pembeni, mpira umetoka. Goli-kiki." Na chini yake, mara moja, kana kwamba mwandishi wa kule naye alikuwa ameshikilia pumzi: mechi imekwisha.

Tulitoka tukiwa tumebebana. Nahodha alidai kazi ile ni yake, kwa sababu ndiye aliyemmwagia spiriti. Winga alidai ni yake, ndiye aliyemzunguka siku ya kwanza. Yule mfupi alipanda juu ya ukingo wa barabara kuwazidi wote kwa urefu.

"Nyinyi mlimpapasa tu! Mimi ndiye nilimfungia penalti! Bila mimi angekuwa bado amelala!"

"Jumapili tuko Gilgil," kocha akasema, akijaribu kufanya uso mkali na kushindwa. "Hapa hakuna mtu amesaini mkataba."

Mama mmoja aliyekuwa akipanga mboga za sukuma wiki kando ya njia alituita. "Nyinyi vijana, nani ameshinda?"

"Hakuna, mathe!" nikamjibu. "Bila kwa bila!"

Akatutazama, kundi zima la watu wazima wanaoruka barabarani saa za asubuhi.

"Sasa mnashangilia nini na hakuna kitu imetokea?"

"Ndio hiyo, mathe!" yule mfupi akapaza sauti, akairusha kofia yake ya sufu juu kabisa ya waya za stima. "Ndio hiyo! Hakuna kitu imetokea!"